Kesi ya rais wa zamani yawagawa wakata barafu wa Winnebago

Saa moja kasorobo asubuhi, Ijumaa, Arlys Pfefferle amepiga magoti juu ya Ziwa Winnebago na anavuta kamba ya chenso, msumeno wake wa injini. Injini inakohoa, inazima. Anaitukana kwa sauti ya chini, anavuta tena. Safari hii inanguruma, na maji yanamrukia usoni na kuganda kwenye nyusi kabla hajayapangusa.

Pembeni yake wamesimama wanaume wawili, kila mmoja na mti mrefu wenye ncha ya chuma. Mmoja ni Gordy, mumewe. Mwingine ni Verlyn Schwandt, mdogo wake Arlys wa tumbo moja. Wamepeana migongo.

"Mwambie mumeo ahamie kona ile," anasema Verlyn.

"Mwambie mdogo wako masikio ninayo," anajibu Gordy.

Arlys hamwambii mtu kitu. Anaendelea kukata.

Kila Februari, ziwa hili la jimbo la Wisconsin, Marekani, likishaganda hadi kubeba magari, watu wa mwambao hutoka na mikuki kumsaka sterjeni, samaki mwenye pua kama koleo ambaye akizeeka humpita mtu kwa urefu na uzito. Mwindaji hukaa ndani ya kibanda cha giza, akikodolea macho tundu lenye ukubwa wa mlango. Wapo wanaomaliza msimu mzima bila kuona hata mkia, na mwakani wanarudi.

Tundu hilo lazima mtu alikate. Kwa wateja wengi wa upande wa mashariki, mtu huyo ni Arlys, mwenye umri wa miaka sitini na moja. Miezi mingine huendesha basi la shule. Anatoza dola themanini kwa tundu, na fedha hizo hugawanywa kwa watatu. "Ndizo zinazonunua mafuta ya kupashia nyumba joto," anasema. "Bila barafu, tungelala na makoti."

Anasema watu hudhani kazi ni msumeno. "Msumeno hata mtoto atauendesha. Kazi ni lile bonge."

Bonge la barafu likishakatwa huwa na uzito wa ng'ombe wawili, na halitolewi. Hukandamizwa upande mmoja mpaka lizame, kisha husukumwa likae chini ya barafu nyingine. Wasukumaji ni wawili, na lazima wasukume pamoja. Akitangulia mmoja, bonge hugeuka, na aliyesimama karibu anaweza kwenda nalo majini.

Kwa miaka ishirini na mbili wasukumaji hao wamekuwa Gordy na Verlyn. Walikuwa wakitaniana kutwa, wakigombania kahawa, na mabonge yakienda bila taabu. Kisha, Jumanne ya wiki hiyo, Baraza la Seneti likaanza kusikiliza kesi ya rais wa zamani, aliyeshtakiwa kuchochea umati uliovamia bunge, na redio ya pikapu ilikuwa wazi.

"Keshaondoka madarakani!" Verlyn alisema. "Unamfukuzaje mtu aliyekwisha kufunga virago?"

"Kwa hiyo mtu akivunja dirisha langu kisha akahama mtaa, yamekwisha?" Gordy akamuuliza.

"Hakuvunja yeye dirisha."

"Aliwaonyesha mawe yalipo."

Wangeishia hapo isingekuwa kitu. Lakini Gordy akamwita mwenzake mjinga wa kulishwa maneno, na Verlyn akamwita Gordy msaliti. Gordy aliwahi kuwa mwanajeshi, na neno hilo lilimkaa kooni. Arlys akang'oa kitufe cha redio akakitia mfukoni, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Tangu siku hiyo wanaume hao huzungumza kupitia kwake, naye yuko hatua mbili kutoka kwao wote.

Ziwani kwenyewe hali ni hiyo hiyo. Karibu kila kibanda kina redio, na kila redio ina mtu anayeibishia. Mteja mmoja, mzee Elroy Thiel, anamsubiri Arlys akiwa amekaa juu ya ndoo.

"Arlys, wewe unasemaje? Atiwe hatiani au aachwe?"

"Nasema toa miguu, nakata."

Hajamwambia mtu alimpigia nani kura, hata mumewe wa miaka thelathini na moja. "Nusu ya wateja wangu wanadhani niko upande wao," anasema. "Nusu nyingine nao wanadhani hivyo hivyo. Mume wangu anadhani, mdogo wangu anadhani. Ya nini niwaharibie?"

Ijumaa hiyo, kwenye tundu la mzee Elroy, ukimya wa wasukumaji wake nusura umgharimu maisha. Alimaliza kukata, akaweka chenso ukingoni, akageuka kuchukua kamba. Hakuna aliyemwashiria mwenzake. Verlyn akasukuma, Gordy akachelewa, bonge likageuka na kunyanyua ubavu. Arlys aliruka nyuma akaanguka chali. Chenso ikateleza, ikazama.

Wanaume wote wawili walimkimbilia na kumshika mikono, mmoja huku, mmoja kule.

"Niacheni," akawaambia. "Haya, nani anamwambia nani sasa?"

Maji hapo ni kina cha mita nne, na mti mmoja haukufika chini. Ikabidi miti yote miwili ifungwe pamoja kwa kamba. Tena chini ya barafu huoni kitu mpaka utie giza juu, kwa hiyo mume na shemeji wakalala kifudifudi ukingoni, wakajifunika blanketi moja. Mzee Elroy akakaa kwenye ndoo yake kutazama sinema ya bure. Sauti zikaanza kutoka ndani ya blanketi.

"Kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Tumelala upande mmoja, Verlyn! Kushoto ni kumoja!"

"Usinipigie kelele sikioni."

"Umeinasa. Taratibu. Taratibu, mwanaume wewe, si ndoo ya kisimani hiyo!"

Chenso ikatoka ikichuruzika maji. Wakainuka ndevu zikiwa nyeupe kwa barafu, wakitabasamu. Arlys anasema kwa muda mfupi alidhani yamekwisha. Ndipo Verlyn alipojipangusa magoti akasema, "Mwambie mumeo akunje blanketi lake."

Siku hiyo walimalizia kazi kwa msumeno wa akiba. Jioni Arlys alibaki peke yake ndani ya pikapu, akalia.

"Sikulilia chenso," anasema. "Niliwaza, ningekwenda na lile bonge, hawa wangelaumiana kupitia kwa nani? Sina mtoto. Ni hao wawili tu. Niliogopa, na bado ninaogopa."

Jumamosi msimu ulifunguliwa. Saa saba mchana mikuki ikawekwa chini kama sheria inavyotaka, na baada ya samaki kupimwa watu wakajaa baa ya Irmgard, barakoa za korona zikiwa videvuni. Haikupita muda mrefu, televisheni ikatangaza: maseneta hamsini na saba wamesema ana hatia, arobaini na watatu wamesema hana. Theluthi mbili zinazohitajika kumtia hatiani hazikufika. Rais wa zamani ameachiwa.

Nusu ya baa ililipuka kwa shangwe. Nusu nyingine ikatazama bilauri zake. Mwanamke mmoja karibu na mlango alivaa koti akatoka bila kulimaliza jibini lake la kukaanga, na hapo Wisconsin, jimbo la jibini, hilo si jambo dogo.

Verlyn akanunulia meza nzima brandi. Gordy akaisukuma ya kwake mpaka ukingoni.

"Dada, leo sema," Verlyn akamwambia Arlys. "Uko upande gani?"

"Sema tu, mke wangu," Gordy akaunga. "Hata mimi ningependa kujua nalala na nani."

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza kusikiliza. Arlys akamaliza kutafuna.

"Kesho alfajiri nina matundu ya kukata, watu wanahama sehemu," akasema. "Atakayekuja kushika mti, huyo ndiye niko upande wake. Asiyekuja, akamwombe rais wake kazi."

Jumapili baridi ilishuka hadi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Gordy alikuwa kwenye usukani mapema, pikapu ikinguruma. Walimngoja Verlyn kwenye njia panda ya kuingilia ziwani. Hakutokea.

"Twende," Arlys akasema. "Tutajaribu wawili. Umeshinda, furahi."

Gordy hakuonyesha furaha. Aligeuza gari, akaendesha hadi nyumbani kwa Verlyn na kupiga honi. Akapiga tena, ndefu, mpaka mbwa wa jirani akaitikia. Taa ikawaka. Verlyn akatoka kamba za buti zikiburuta.

Arlys akashuka kumpisha apande. "Unakaa katikati," akamwambia, "au unarudi kulala?"

Akakaa katikati.

Anayeendesha juu ya barafu hushusha vioo vyote na kufungua mikanda, ili gari likizama watu wapate pa kutokea. Wakaingia ziwani hivyo, taratibu, upepo ukipita upande hadi upande.

"Sikuja kwa ajili yako," Verlyn akasema.

"Najua," Gordy akajibu.

Sikio la Gordy la upande wa dirisha lilikuwa limegeuka jekundu lote kwa baridi.

"Sogea huku, shemeji," Verlyn akasema. "Upepo unakumaliza."

Siku hiyo walikata matundu yote. Arlys anasema hategemei wawili hao wakubaliane, na kwamba wakikubaliana atawapeleka kwa daktari. Mwezi wa sita anastaafu kuendesha basi la shule, lakini barafu ataendelea nayo maadamu magoti yanakunjika.

Kuhusu alimpigia nani kura, anatikisa kichwa.

"Nitakwenda nayo kaburini," anasema. "Ninachotaka ni siku hiyo wanibebe wote wawili, mmoja huku, mmoja kule. Na wanibebe bila kujua."