Nimemfungia mama maji ya moto na baridi ya kupikia mbege, nusura niyang'oe yote

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe nyumbani kwetu Kibosho, juu mlimani, na siongezi chumvi.

Mimi ni fundi bomba, niko Pasua hapa Moshi. Mama yangu anapika mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, tangu sijazaliwa. Ada yangu yote imetoka humo, kwa hiyo msije mkaanza kunihubiria.

Shida ilikuwa maji. Mama anakaribia miaka sabini na bado anateka mferejini. Mvua zikinyesha maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Inabidi ayaache yatuame, ayachuje kwa kitambaa, ndipo ayachemshe kwa kuni.

Nikasema hapana. Nikavuta bomba la kijiji mpaka kibanda chake cha kupikia, nikaweka filta mbili, moja ya tope na nyingine ya mkaa. Hapo maji yakagawanyika, upande mmoja baridi, mwingine unapitia kwenye hita.

Koki mbili ukutani, nyekundu na bluu. Nilipiga nazo selfie kabisa.

Mama akaziangalia. "Sawa. Tutaanza na mbege ya Deo. Ikiharibika, unang'oa vitu vyako unarudi navyo mjini."

Deo ni mdogo wangu. Jumamosi ile tulikuwa tunapeleka mbege kwa wazazi wa mchumba wake. Kwetu ukipeleka mbege mbovu kwenye posa, utasimangwa mpaka upate wajukuu.

Ijumaa asubuhi ndizi zilikuwa tayari, zimeshachemshwa na kulala siku kadhaa kwenye pipa. Ilibaki kuziongeza maji baridi na kuzichuja, halafu kupika uji wa ulezi wa kuchanganyia.

Mama akafungua koki nyekundu, akajaza sufuria. Akainama, akanusa, akamwaga yote chini.

"Baba, unataka nipeleke gundi ukweni?"

Nikanusa. Kweli.

Hapa naomba nikiri. Upande wa moto nilitumia mabomba ya PVC ya kuunga kwa gundi yaliyobaki kazini, badala ya PPR, yale yanayochomelewa na kuhimili moto. Mteja akiniomba hivyo namkatalia. Kwa mama yangu mzazi nikaona itatosha tu. Niliona aibu sana.

Mama alishashika ndoo arudi mferejini. Nikamzuia mlangoni, nikamwomba anipe mpaka saa nane mchana. Akasema saa saba.

Nikashuka Pasua na bodaboda kwa ile barabara ya mawe (mgongo mpaka leo unalalamika), nikarudi na mabomba na mashine ya kuchomelea. Nikakata, nikachomelea, nikaacha maji yamwagike mgombani mpaka nikaridhika.

Saa saba kasoro mama akaja. Akanusa. Akaonja. Akanusa tena. Kisha akaweka sufuria chini ya koki. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu kama chizi.

Jumamosi mzee wa upande wa pili alipewa kata ya kwanza, akaikausha. Ya pili akaomba mwenyewe. Ya tatu akaanza kuimba. Posa ikapita bila ubishi.

Jumapili baada ya misa nikamkuta mama kibandani, anajaza beseni kwenye nyekundu. Nikamuuliza anapika nini tena.

"Sipiki. Nataka kuoga."

Wakuu, kule ni baridi. Miaka yote mama amechemsha maji ya pombe ya watu, mwenyewe anaoga ya baridi ili kuni zisiishe. Mimi fundi bomba, nimewafungia watu hita mji mzima, sikuwahi kujua. Machozi yalinitoka.

Siku hizi nikipiga simu asubuhi haipokelewi. Majirani wananiambia yuko bafuni, anaimba humo.

Nilichojifunza: filta ikae kabla ya hita, maji ya moto yapite kwenye PPR, na kwa mzazi usifunge mabaki.

Wenye uzoefu wa filta za tope wakati wa masika karibuni mnipe ujuzi, yangu inaziba haraka. Na wewe unayesoma huku uko mjini, hebu niambie, mzazi wako anaoga maji gani?