Jina nililomwandikia mama mkwe limemfikia

Leo nimemwamkia mama mkwe shikamoo, hakuitikia.

Katoka Ihanja na kuku wa kuniletea. Pale stendi kampigia dereva bajaji asiyemjua. Dereva kapokea: "Nakuja, Mama Mkwe Kisirani!" Eti ndilo jina lililotokea kwenye simu yake.

"Mkwe ninaye mmoja tu," mama kaniambia.

Jamani, hilo jina niliandika kwenye simu YANGU! Kumbe ile app ya kutambua wapigaji, nilipobonyeza "ruhusu", iliyabeba majina yangu yote ikayagawa kwa watu. Nami nilijua yanabaki humu humu. App imeniuza mchana kweupe!

Mama akanyoosha simu yake. "Nipigie, uone nilivyokuandika."

Nikapiga.

"Binti Yangu."

Wanawake wenzangu, naanzia wapi? Kuku bado nimemshika.