Mwiko Mbele ya Mafiga Matatu

Katika Tunduma yote, kuanzia stendi hadi inakoishia foleni ya malori, hakuna mtu mwingine aliyewahi kwenda kutazama mechi ya kriketi ya kimataifa kwa fedha yake mwenyewe. Nimeuliza. Wapo waliofika Guangzhou, wapo waliofika Dubai mara nyingi kuliko walivyofika kwao Ileje, lakini kriketi hawaijui. Mimi naijua. Niliondoka hapa nikiwa utingo wa lori, nikarudi na diploma ya uchukuzi niliyoisomea jioni kule Johannesburg, na leo nina ofisi yangu ya uwakala wa forodha yenye kiyoyozi. Kwa baridi ya Tunduma watu husema kiyoyozi ni cha kujionyesha. Hawajakosea. Mtu aliyetoka chini akijionyesha anatoa ushahidi.

Uwanjani kule Johannesburg niliingia mara ya kwanza na ufagio. Kazi yangu ilikuwa kufagia chini ya viti watu wakishaondoka. Siku moja niliwahi kufika, nikakuta mchezo bado unaendelea: wanaume wazima wamevaa nyeupe tupu kama wanaosubiri kubatizwa, hakuna anayegombana, na saa ilipofika mchezo ukasimamishwa, wote wakaenda kunywa chai. Nikashika ufagio wangu nikasema, mchezo unaoheshimu chai ni wa watu waliokomaa. Mara ya pili niliingia na tiketi, na nilikaa kwenye safu ileile niliyokuwa naifagia.

Niliporudi nyumbani, uwanja wa karibu ukawa Harare. Watu huniuliza gharama, nami huwajibu kitaalamu. Tiketi yenyewe si kitu, ni kama sahani ya chipsi kuku. Kinachokula fedha ni yote yaliyo kabla ya geti na baada yake: basi la kupita Lusaka hadi Chirundu, mihuri ya mipaka, gesti, chakula. Na mechi zile kubwa ni za siku tano. Unalala, unaamka, unaoga, unarudi, mechi bado iko palepale. Sijaona mchezo mwingine unaomtaka mtazamaji abebe nguo za kubadilisha.

Sasa, mwaka mmoja tulikuwa tumeezua jiko letu la nje ili tuweke mabati mapya. Fedha ya mabati ilikuwepo, fundi alikuwepo, na mvua haikuwepo. Ndipo nikapata habari kwamba wageni wanakuja kucheza Harare. Nikapiga hesabu kama msomi: mechi, halafu mabati, halafu mvua. Mechi ilikuja siku yake. Mvua ndiyo haikufuata ratiba.

Nikiwa kule nimevaa kofia pana na kupiga makofi ya kistaarabu, mke wangu alikuwa anasonga ugali kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mwavuli. Niliporudi nilikuta mafiga matatu yamelowa, jivu limekuwa tope, mwiko umeachwa ndani ya sufuria, na mke amekwenda kwao Ihanda.

Nilimfuata. Hapa lazima nieleze jambo. Ukoo wa mke wangu bado unashika mwiko wa mama mkwe kama zamani. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye moja kwa moja, na hali chakula mbele yake. Mwiko huo huondolewa kwa mbuzi. Mimi mbuzi nilikuwa tayari kumtoa tangu harusi, mbuzi mzuri kabisa, lakini mama mkwe alikataa kumpokea. Alisema mimi bado ni mtu wa safari, na mtu wa safari hazoewi.

Basi nilikaa barazani, yeye akakaa ndani, na mke wangu akasimama mlangoni kubeba maneno.

"Mwulize mumeo alikuwa wapi mvua ikinyesha," sauti ikatoka ndani.

"Mama anauliza ulikuwa wapi."

"Mwambie mama nilikuwa Harare, kwenye mechi."

"Eti Harare, kwenye mechi."

"Mechi ni dakika tisini. Mwulize hizo siku nyingine alikuwa wapi."

"Mwambie ni mechi moja ya siku tano."

Kisha mama mkwe akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," mke wangu akasema. "Ni mchezo."

"Watu wanakaa siku tano. Wamevaa nguo za aina moja. Hawapigi kelele. Wanapewa chai. Halafu hakuna aliyekufa?"

Diploma yangu haikugusa eneo hilo.

"Mwambie hivi," akasema. "Nitakwenda kuuona mchezo huo mwenyewe. Nikiona ni kitu cha maana, mwanangu, utarudi kwake. Nikiona ni upuuzi, utabaki hapa tuchume kahawa, na yeye akaoe hiyo mechi yake."

Ndiyo maana, wageni wengine walipokuja Harare msimu uleule, tulipanda basi watatu. Kwa usalama wangu nilikuwa nimekwishanunua mabati, yamelala sebuleni, ila fundi alikuwa na kazi Vwawa. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele na kapu la viazi vitamu na chupa ya kahawa ya shamba lake. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, pale ambapo kila shimo la barabara hukusalimia binafsi. Mke wangu alikaa katikati. Hakuwa akisema nami isipokuwa ametumwa.

Mpakani ofisa alimuuliza mama mkwe anasafiri na nani.

"Na mwanangu."

"Na huyu bwana anayekulipia?"

Mama mkwe akatazama upande wa pili. "Mimi simwoni."

Alisema kweli kwa mujibu wa mila, lakini ofisa hakuwa wa mila hiyo. Nilivutwa pembeni, nikafunguliwa begi, nikaulizwa kama wale wanawake nawajua. Mimi, ambaye mpaka ule ndio riziki yangu, ambaye maofisa huniita mheshimiwa! Mke wangu alikuja mwishoni kunitambua, na sikumwona akiharakisha.

Uwanjani tulikaa kwa mpango uleule: mama, mke, mimi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Mama mkwe hakuyasubiri.

"Mwulize mumeo vile vijiti vitatu vilivyosimama ni vya nini."

"Mwambie ni wiketi. Yule anarusha mpira ili aviangushe, na yule mwenye gongo anavilinda."

Mama mkwe akavitazama vijiti. Akatazama na upande wa pili, ambako kuna vingine vitatu. Kisha akajipiga paja.

"Mafiga! Mwanangu, si mafiga yale? Matatu huku, matatu kule. Na lile si gongo, ni mwiko. Amesimama na mwiko mbele ya mafiga, wakorofi wanataka kuliangusha jiko."

Mke wangu alinigeukia ili anifikishie, akaona nimekwishasikia, akageuka tena. Lakini niliona shavu lake likitetemeka. Mimi hadi leo nikimfundisha mtu kriketi huanzia kwenye mafiga, na wengi hudhani nimeyabuni mwenyewe. Huwa sibishi.

Siku ile mama mkwe alijifunza yote. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mwenye mwiko anatoka. Ukivuka uwanja bila kudunda, anapewa alama sita. Alichagua kuwashangilia wenyeji, kwa sababu jiko ni lao. Na kila baada ya muda alituma ujumbe uleule, wenye maneno tofauti:

"Mwambie mumeo amwone yule. Tangu asubuhi hajaondoka mafigani."

"Mwambie mumeo, wingu lile limekuja, mbona yule hajakimbilia Harare?"

"Yuko Harare, mama," mke wangu akasema.

"Ndiyo maana namsifu."

Shida yangu ilikuwa njaa. Mchezo wenye mapumziko ya chakula na ya chai, na mimi siruhusiwi kula mbele ya mtu ambaye hatoki kitini! Watu wote wanazunguka na sadza, ule ugali wa kule, na nyama ya kuchoma, harufu inakuja kama wito. Nikawa naaga kwamba nakwenda kunyoosha miguu. Nyuma ya ubao mkubwa wa matokeo palikuwa na ngazi ya saruji, na hapo mwenye diploma alikula amejikunyata, anafuta midomo, anarudi na uso wa mtu aliyetembea.

Na kila nilipokuwa nyuma ya ubao, nilisikia uwanja mzima ukiguna. Nikirudi nakuta mwenyeji mmoja ametoka. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimelipa gharama zote zile na sijaona hata wiketi moja ya wenyeji ikianguka. Nilizisikia tu, mdomo umejaa.

Siku ya tano wageni walikuwa wamewaacha wenyeji mbali sana. Kushinda hakukuwezekana tena. Kilichobaki ni kusimama hadi jioni bila kutolewa wote, ili mechi iwe sare. Nami nilianza kuogopa. Nilijiona nikimweleza mama mkwe kwamba tumetoka Songwe, tumevuka nchi, tumekaa siku tano, na mwisho wake hakuna aliyeshinda. Nilimtazama mke wangu kwa pembeni, nikamwona anachuma kahawa.

Jioni ikafika, akaingia mtu wa mwisho. Huyu kazi yake ni kurusha, kupiga hajui kabisa. Akitolewa, kwisha. Alishika mwiko kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Uwanja ukaanza kuimba. Mpira ukaja, akauzuia. Ukaja tena, ukampiga bega, akabaki palepale. Mama mkwe alikuwa amesimama, kitenge kimemteremka.

Mimi tumbo halikujua habari za sare. Mfukoni mwa koti nilikuwa na paja la kuku limefungwa kwenye gazeti. Nikainuka taratibu kuelekea kwenye ubao.

"Mkwe! Kaa chini!"

Nilisimama kama nguzo. Mke wangu alifungua mdomo, kwa mazoea, "Mama anasema u—"

"Nimemwambia mwenyewe! Mkwe, kila ukienda kula nyuma ya ule ubao mtu wetu anatoka. Unadhani sikuoni? Siku zote nakuona. Huyu ndiye wa mwisho. Kaa, kula hapahapa."

"Mama, mwiko..." nikasema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake maishani.

"Mwiko anao yule! Kula!"

Nikakaa. Nikafungua gazeti. Nikala paja la kuku mbele ya mama mkwe, polepole, kwa adabu, na kila nilipotafuna mpira ulikuja na yule kijana akauzuia. Sisemi kwamba niliokoa mechi ile. Nasema tu kwamba nilikuwa nakula, na hakutoka mtu. Waamuzi wakatazamana, wakaondoa vile vijiti vidogo vilivyolala juu ya mafiga, yaani muda umekwisha, na watu wakaimba kama wameshinda kombe.

Mama mkwe akakaa, akajifunika kitenge vizuri. Akakumbuka kwamba alikuwa ameniita. Kwa kuwa neno lilikwishatoka, akaendelea.

"Nani ameshinda?"

Nikalikunja gazeti la kuku. "Hakuna, mama. Ni sare."

"Siku tano?"

"Siku tano."

Akatazama uwanjani, ambako yule wa mwisho alikuwa anakumbatiwa na wenzake. "Hajui kupiga yule. Hakupata hata alama moja."

"Hajapata, mama."

"Lakini mafiga yake yamesimama." Akafunga chupa ya kahawa kwa nguvu. "Basi mchezo una maana. Mwanangu atarudi kwako. Na yule mbuzi bado yupo?"

"Yupo, mama. Kanenepa."

"Mabati kwanza," mke wangu akasema. Hakutumwa na mtu. Alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu mvua. "Mbuzi baadaye. Nitarudi siku nitakayoambiwa msumari wa mwisho umegongwa, na mama atakuja kuukagua."

Tulirudi kwa basi lilelile. Safari hiyo mama mkwe aliniita mbele nikale viazi vitamu.

Fundi wa Vwawa nilimwondoa kwenye kazi yake kwa malipo ambayo siyataji, kwa heshima ya ofisi yangu. Mama mkwe alikuja, akatazama juu, akapanda ngazi, akamwaga ndoo ya maji juu ya mabati, akashuka, akasema mbuzi aletwe.

Siku mvua ilipopiga mabati mapya kwa mara ya kwanza, mke wangu alikuwa amesimama mbele ya mafiga yake na mwiko mkononi. Nilichukua limau kwenye kapu, nikarudi nyuma hatua chache, nikalirusha kama nilivyowaona wakirusha kule. Hakushtuka wala hakukwepa. Alilipiga kwa mwiko, likatoka mlangoni, likapaa kwenye mvua, likavuka ukuta hadi kwa jirani.

Nilimwambia hiyo ni sita. Akasema anajua, nikanawe mikono, ugali umeiva.