Mgeni Aliyelishika Daftari la Maombi

Kwa miaka mingi nilikuwa mwandishi wa daftari la maombi katika kanisa letu dogo la Bertrams, Johannesburg. Tulikuwa tumepanga karakana ya zamani karibu na uwanja wa mpira, na siku za mechi mchungaji alilazimika kungoja kelele za goli zipite ndipo aendelee na Neno. Waumini karibu wote walikuwa Wakongo: mafundi cherehani, walinzi, wasusi. Mimi ni Mtanzania. Niliolewa Morogoro na mkimbizi wa siasa wa Afrika Kusini, tukaja kwao nchi ilipofunguka. Mungu alipomchukua nilibaki hapa, na sijapungukiwa.

Desturi yetu ilikuwa hivi. Kila Ijumaa adhuhuri mwenye haja alinijia pembeni, nami nikaandika jina, mahali na jambo lenyewe. Kisha alisimama katikati akiwa ameshika daftari, limefunguliwa kwenye ukurasa wake, nasi tukamzunguka tumefumba macho. Jambo likijibiwa, nililipigia mstari wa wino mwekundu. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba anayesimama katikati ana macho.

Mwaka 2018 Wakongo walikuwa wakingoja uchaguzi wa kwao. Ndipo akaja Mmarekani, mtu wa makamo, mrefu, viatu vimechakaa lakini vimepigwa dawa. Alikaa benchi la nyuma. Mlinzi mmoja wa Kikongo aliyesimama mlangoni akaninong'oneza, akiniita Koko, yaani bibi, kama walivyoniita wote:

"Koko, muzungu anayekuja kanisani bila kamera na bila pipi, huyo anataka kitu kikubwa."

Kwa kuwa nilijua Kiingereza, nilipewa kazi ya kuketi naye na kumtafsiria. Baada ya ibada nilimpa chai, akanieleza bila kuficha kwamba kazi yake ni kuwashindisha watu uchaguzi. Mgombea mmoja wa mashariki ya Kongo alikuwa amemwajiri na kumfungulia ofisi hapa mjini, Marshalltown.

"Kura si ziko Kongo?" nilimuuliza. "Hapa unatafuta nini?"

"Kura ziko kule, Mama, lakini simu zinatoka hapa. Mtu wa Johannesburg akipiga simu nyumbani, ukoo mzima unanyamaza."

Alikuja Ijumaa tatu, na kila mara alinimegea kipande cha maisha yake. Alizaliwa kwenye mji wa mashamba ambako theluji hufunika milango. Alipokuwa mwanafunzi alibisha hodi nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mwalimu aliyegombea udiwani, akagundua kwamba ukimuuliza mtu anataka nini atakudanganya, ila ukimuuliza anaogopa nini atakukaribisha ndani. Kwa swali hilo alipanda kutoka kampeni za udiwani hadi za ugavana. Alishinda, akashindwa, akashinda tena. Nyumba yake ikavunjika. Kwao kulipokosekana uchaguzi, alikwenda kwenye nchi yenye uchaguzi, kama wavunaji wanavyofuata mazao.

"Na wewe unaogopa nini?" nilimuuliza.

Alicheka, akaomba sukari. Nikaona hilo ndilo jibu lake, nikazidi kumshuku.

Nilikuwa na sababu. Katika daftari, kurasa mbili tu nyuma, nilikuwa nimeandika haja ya msusi wetu, mwenye kiti chake katika saluni ya Jules Street kule Malvern. Kaka yake alikuwa amesema redioni, huko kwao, kwamba watu wa mgombea fulani walichoma nyumba za wapinzani. Sasa alikuwa amejificha. Nilikuwa nimeandika jina lake kamili na parokia alimofichwa, kwa sababu ndivyo tulivyoandika. Mgombea huyo ndiye aliyemwajiri mgeni wangu.

Ijumaa ya nne mgeni akasema ana haja ya maombi. Alitaka binti yake azungumze naye. Alikuwa amemshindisha mtu ambaye binti alimwona mwovu, na tangu siku ya ushindi ule binti hapokei simu yake.

Niliandika. Nilifikiri kumpa karatasi peke yake, lakini niliona aibu kumtendea kama mwizi mtu aliyekuja kuomba. Kwa hiyo nikazibana kurasa za nyuma kwa kibanio cha nguo, nikampa daftari. Hilo ndilo kosa langu, na sikusukumwa na mtu.

Tukamzunguka. Mchungaji akaanza. Mimi, niliyefundisha watoto wa kanisa kwa miaka kwamba macho yafumbwe, niliyafungua.

Kibanio kilikuwa kwenye kiganja chake cha kushoto. Kurasa zilikuwa huru, na uso wake umeinama. Hakujua Kiswahili, lakini jina la mtu na jina la parokia hayahitaji mkalimani. Akainua uso, tukatazamana. Kisha akafumba macho polepole, na chozi likamshuka. Mpaka leo sijui lilikuwa la nani.

Alinirudishia daftari, kibanio kikiwa mahali pake.

"Na wewe ulifungua, Mama," alisema.

"Nilifungua kwa sababu yako."

"Kwangu ni mazoea. Karatasi ikiwa mbele yangu, naisoma. Sikuchukua kitu."

Kesho yake asubuhi nilikwenda Jules Street. Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama.

"Ni kusema ule muzungu alisoma jina ya ndugu yangu?"

"Sijui kama alisoma. Aliona."

"Koko, mimi nilikuambia wewe na Mungu. Sikumuambia muzungu!" Akaacha chanuo kwenye nywele za mteja, akatoka nje na simu.

Mteja akanitazama kwenye kioo. "Eish, Mama," alisema. "Na mimi nisukwe na nani?"

Nilikaa pale nikimshikia mafungu ya nywele, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu.

Kaka yule alihamishwa siku hiyo hiyo. Wiki ileile watu wawili walifika parokiani, wakisema wanauza sabuni, ila sabuni hawakuwa nayo. Huenda walitumwa kutokana na daftari langu. Huenda walikuwa wakimtafuta tangu zamani. Halafu ukaja ujumbe wa sauti katika simu za waumini, mgombea akiwaahidi daraja watoto wanaovuka mto kwa kamba kwenda shule. Haja hiyo ilikuwa ya fundi wetu mmoja. Nilitaka kumlaumu mgeni kwa wizi, nikakumbuka kwamba haja ile ilipoombewa nilimtafsiria mimi mwenyewe, neno kwa neno, akiwa ameketi kando yangu.

Hakurudi kanisani. Nilipita Marshalltown, nikakuta ofisi imefungwa na mwanamke anauza soksi mlangoni.

Niliungama mbele ya kanisa. Tangu hapo hatuandiki mahali wala jina kamili, na anayeombewa husimama mikono mitupu. Msusi hakuzungumza nami kwa miezi. Kaka yake alipovuka mpaka salama, msusi alikuja mwenyewe Ijumaa na kalamu nyekundu, akanikabidhi nipige mstari. Nilipoanza kuupiga, aliushika mkono wangu.

Kisha akafunua kurasa mbili mbele na kuweka kidole kwenye haja ya Mmarekani.

"Na hii?"

"Hiyo sijui. Pengine alidanganya. Pengine hana hata binti."

Hakuondoa kidole. "Iliandikwa, Koko?"

"Iliandikwa."

"Basi tutaomba. Lakini wewe fumba macho, mimi nitachunga."

Tuliomba. Ukurasa ule hauna wino mwekundu mpaka leo, na kila Ijumaa tunaufikia.