Barua Pepe za Ofisi Ziko Kwenye Kibanda cha Mpira, na Anayetakiwa Kuomba Radhi ni Mimi

Habari za majukumu, Admin, pamoja na wanaukurasa wote. Jina langu naomba lisionekane. Na majina mengine nimeyabadilisha. Sina hofu kwamba mhusika mkuu atausoma ujumbe huu, kwani hajawahi kumaliza maandishi marefu kuliko tangazo la mechi.

Mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka ishirini na sita, mhitimu wa shahada ya teknolojia ya habari, sijaoa. Naishi Ifakara, eneo la Mlabani, na nipo kwenye kipindi cha matazamio katika kampuni ya kukoboa na kuuza mchele. Niliingia nikiwa na dhamira moja: mkurugenzi wetu, ambaye wote tunamwita Mzee, aone kwamba kumwajiri msomi hakukuwa hasara.

Nilikuta mfumo wa barua pepe unaotia aibu. Seva ilikuwa kompyuta kuukuu iliyowekwa stoo, juu ya magunia ya pumba. Aliyeifunga ni shemeji yake Mzee, kaka wa mkewe, mwenye duka la fotokopi, ambaye mji mzima unamwita Injinia ingawa hakuna ajuaye uinjinia huo aliusomea wapi. Aliifunga kwa namna ambayo barua zote zilishuka kwenye kompyuta moja tu, ya Dada Sesilia wa mapokezi, na zikishashuka zinafutika kwenye seva. Dada Sesilia alimsomea Mzee kwa sauti, Mzee akajibu kwa mdomo, naye akaandika. Kwa hiyo mawasiliano ya miaka yote, pamoja na makubaliano ambayo mnunuzi wetu mkubwa sasa anayakana, yalikuwa ndani ya kompyuta ile peke yake.

Nilimshawishi Mzee tuhamie huduma ya mtandaoni, akakubali. Siku ya kuhama nilibandika karatasi kwenye kompyuta ya mapokezi kwa herufi kubwa: ISIGUSWE, BARUA ZIMO HUMU. Nikaenda stoo kushughulikia seva. Niliporudi, meza ilikuwa tupu.

"Injinia kaichukua," Dada Sesilia akaniambia. "Kasema mbovu hiyo, anaenda kuitupa, si mnaleta mpya?"

Nilimpigia simu. Akasema ameshaitupa. Kesho yake Mzee akaitisha kikao, wafanyakazi wote wapo, na Injinia ameketi kando yake, ameshamwambia kwamba barua nilizifuta mimi kabla yeye hajaichukua kompyuta.

"Kijana, kabla yako barua zilikuwepo?"

"Zilikuwepo, Mzee, lakini..."

"Na baada yako zipo?"

"Hazipo."

"Sasa lakini ya nini?"

Injinia akacheka. "Shemeji, si nilikwambia? Hawa wa digrii ukiwapa jembe wanakuuliza linawashiwa wapi."

Ukumbi mzima ulicheka, hata wapakiaji ambao mimi ndiye huwaandikia kila mwezi barua zao za kuomba ruhusa. Tangu siku hiyo naitwa Bwana Kufuta. Mama anayeuza vitumbua getini ananiambia, "Bwana Kufuta, usije ukanifutia na hivi." Nanunua, ila moyoni nachemka.

Jana, Jumamosi, nilikwenda kijiji cha Mbingu kumsalimia baba yangu mdogo. Mchana akanipeleka kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Mtambo ulipowashwa, ukutani ikajitokeza picha ya Mzee akikata utepe kwenye mashine ya kukobolea.

"Huyu naye anacheza namba ngapi?" mtu akapaza sauti, kibanda kikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Hiyo ndiyo picha iliyokuwa kwenye kompyuta ya Dada Sesilia. Nilisogea mbele nikaikuta kompyuta yenyewe, karatasi yangu bado imebandikwa ubavuni: ISIGUSWE.

"Baba mdogo, kibanda hiki cha nani?"

"Cha yule Injinia wenu wa Ifakara. Hata leo yupo, nimemwona kule nje."

Mechi ilipokwisha nilimwomba mama anayekata tiketi aniruhusu kuangalia kidogo. Barua zote zimo, hakuna hata moja iliyopotea. Nilipiga picha, kisha nikachomeka flashi ili nizinakili. Skrini ikazima ghafla. Injinia alikuwa nyuma yangu, ameushika waya mkononi.

"Shikamoo," nilisema, kwa mazoea tu. Hakuitikia.

"Sikiliza, mdogo wangu. Jumatatu kuna kikao. Utasimama, utasema ulifuta kwa bahati mbaya, utaomba radhi. Halafu mimi nitazirudisha hizo barua kwa utaalamu wangu. Mzee atafurahi, wewe utabaki kazini chini yangu, yameisha."

"Na nikikataa?"

"Mpigie Mzee sasa hivi. Kabla hajawasha gari, ndani ya kompyuta hii patakuwa peupe. Ndiyo tutajua nani kafuta."

Akaibeba kompyuta begani kama mtu aliyenunua kreti la soda, akaondoka nayo.

Picha ninayo kwenye simu, lakini inaonyesha kompyuta na karatasi tu. Barua hazimo ndani ya picha. Nikiitoa kikaoni, jina langu linasafishika na barua zinateketea, na mnunuzi yule akitushinda, lawama itanirudia mimi niliyeanzisha habari ya kuhama. Nikiomba radhi, barua zinarudi, kampuni inapona, na Injinia anakuwa bingwa. Nami nitamwamkia kila asubuhi, na safari hii ataitikia kwa raha zake. Baba mdogo anasema, "Omba radhi mwanangu, kazi hazipatikani." Yeye haitwi Bwana Kufuta.

Hotuba ya kuomba radhi nimeshaiandika. Ni fupi, ina adabu, haina kosa hata moja. Kila nikijaribu kuisoma kwa sauti chumbani, nafika kwenye neno "nilifuta" na ulimi unagoma. Ndugu zangu, Jumatatu ni kesho. Nishaurini: neno hilo nilitamke, au nisimame na picha yangu, liwalo na liwe?