Karanga za Sukari Siku ya Kufunga

Wifi yangu simpendi, na yeye hanipendi, na hilo linajulikana tangu zamani. Naanza na hapo ili mtu asije akadhani nasimulia mapishi tu. Tangu kaka yake aliposilimu ili anioe mimi, binti wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu, yeye anatembeza maneno huko mtaani kwao Mutanga Nord kwamba nilimlisha kitu. Mwanamume mzima, msomi, aache kanisa la mama yake kwa hiari yake? Thubutu! Lazima alilishwa. Miaka yote hiyo hajameza hata chai nyumbani kwangu. Anakuja, anakaa, anashika glasi ya maji, na akiondoka anaiacha imejaa vilevile.

Siku hiyo nilikuwa nafunga zile sita za baada ya Idi. Asubuhi mume wangu akaniambia mama yake na dada yake watapita alasiri kututakia heri ya sikukuu. Sikukuu yenyewe ilishapita! Mama mkwe anapenda vitu vitamu, nikaona nimtengenezee karanga za sukari kama marehemu mama yangu alivyozifanya kila Idi. Labda, nilijiambia, leo watakula.

Nikawasha makaa kwenye imbabura, jiko langu dogo, nikamimina karanga na ngozi zake nyekundu katika sufuria, sukari, maji kidogo na chumvi kiduchu. Maji yakikauka, sukari inageuka mchanga mweupe, na hapo wasiojua wanapiga kelele kwamba imeharibika, wanaongeza maji, wanapata uji. Mama alinifundisha kutulia. Unapunguza makaa, unakoroga bila kuacha, na sukari inayeyuka tena na kuzifunika karanga kwa rangi ya kahawia. Mwishoni nikanyunyiza iliki, mdalasini na tangawizi. Harufu ikanipanda kichwani, tumbo likalia, na sikuonja hata kwa ncha ya ulimi. Nikazimwaga kwenye sinia na kuzitenganisha zingali moto, vidole vikaniwaka. Nilizipika kwa hasira, sitaki kudanganya, lakini nilizipika vizuri.

Hapa kwetu anayekupa kitu cha kutia mdomoni anakionja kwanza mbele yako. Wazee walifanya hivyo na pombe ya mtungini, sisi tunafanya hivyo na chai. Mwenyeji anaonja bila kuambiwa, mgeni anajifanya hakuona, mazungumzo yanaendelea. Lakini kumwambia mtu kwa mdomo wako kwamba aonje ni kumwita mrogi ndani ya nyumba yake. Na siku ninazofunga, mume wangu ndiye anayeonja badala yangu. Ndivyo tulivyozoea, majirani wote wanajua.

Wakafika. Mama mkwe akaketi kwenye kochi, wifi akapangusa kiti kwa kitambaa kabla ya kukikalia. Kwangu mimi, ninayepiga deki kila asubuhi! Nikaweka sinia mezani, nikawakaribisha, nikamtazama mume wangu. Alikuwa anasoma simu yake. Nikakohoa. Akaendelea kusoma.

"Mi siko nakula kitu mwenyewe ajaonja," wifi akasema, akitabasamu.

Nilisikia damu inanichemka mpaka masikioni. "Niko nafunga," nikamwambia. "Munajua. Bwana yangu ataonja."

"Apana. Yeye alishaonja byako zamani, na tuliona byenye bilitokea." Akacheka peke yake.

Mama mkwe akatazama mikono yake. Mimi nikamtazama mume wangu. Sikutaka agombane na mama yake, wala sikutaka amfukuze dada yake. Nilitaka anyooshe mkono achukue karanga moja, basi. Karanga moja tu, watu wamwone akiitafuna, na yale maneno ya kulishwa yangefia pale pale. Wallahi, nilikuwa tayari kumsamehe mengi kwa karanga moja.

Akainua macho kutoka kwenye simu, akamtazama dada yake, kisha mimi.

"Onja tu kamoja," akaniambia kwa upole. "Biishe."

Lo! Nilimchukia. Hata dada yake sijapata kumchukia hivyo.

Nikavuta sinia, nikasema bismillahi kwa sauti, nikatia karanga mdomoni. Swaumu yangu ikaishia hapo. Zilikuwa tamu, zinavunjika vizuri, iliki inakuja kwanza, tangawizi inachoma nyuma. Nikala nyingine, na nyingine tena. Wote wakasikiliza meno yangu.

Mama mkwe akajivuta mbele, akanyoosha mkono. Nikaliweka sinia mapajani.

"Apana, Mama. Zilikuwa zenu. Saa hii ni zangu."

Nikaendelea kula mbele yao, gumba na kidole, bila haraka, sukari inanata midomoni na machozi yananitoka, sijali.

Mume wangu akaweka simu chini. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kutaka mambo yapoe, akaleta kiganja.

"Nipe na mi, basi."

Nikamtazama mpaka kiganja kikaanza kushuka chenyewe.

"We ulingoja kwanza uone kama nitakufa," nikamwambia, nikachukua nyingine.