Upande wa Ziwa

Aliyempa yule dereva jina la Taratibu hakukosea. Hata chai anainywa kama anayeteremka mlima: funda, asubiri, funda tena. Nusu ya umri wake aliimaliza kwenye usukani wa basi la kwenda mji wa mlimani, ule wanaoukimbilia wenye nafasi zao joto likizidi, na hakuwahi kuangusha hata sanduku la abiria. Sasa amestaafu. Shughuli yake kubwa ni kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akikosoa namna majirani wanavyoegesha magari.

Mwaka aliostaafu, joto halikuwa na adabu, kuta zenyewe zilitoka jasho. Mkewe, fundi cherehani asiyejua kukaa bure, alikuwa anapinda suruali ya mteja redio ilipotangaza kuwa sikukuu imeangukia Ijumaa, na Jumatatu nayo ni mapumziko. Akaiacha cherehani katikati ya mshono. Taratibu alipoona hivyo, akajua lipo jambo.

"Baba watoto, twende mlimani."

"Kufanya nini?"

"Fungate."

Loo! Neno hilo katika nyumba ile lilikuwa mwiba. Harusi yao ilikuwa haijapoa, sufuria za kuazima hazijarudishwa kwa wenyewe, kampuni ikamwita bwana harusi akashike usukani kwa kuwa dereva mwenzake kaugua. Akamwambia bibi harusi, nitakupeleka huko huko, ngoja nipate nafasi. Wakaja watoto, ikaja ada ya shule, watoto wakakua wakahama, nafasi haikuonekana. Mke hakulalamika waziwazi. Ila kila mumewe alipobeba kikapu chake kwenda kazini, alimwambia, "Haya, kawasalimie wenye raha."

Kwa hiyo Taratibu alikubali papo hapo. Akavuta kiti, akaanza kupanga. Kupanga safari nani amfundishe yeye!

"Tunatoka alfajiri, malori hayajaingia barabarani. Chai tunakunywa pale darajani, vyoo vyao visafi. Mlimani dereva aingize gia ndogo mapema, asingoje mpaka gari lilie. Adhuhuri tuko stendi."

"Enhe. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Tukishafika, mume wangu. Siku zote zile tunalala wapi? Tunatembea wapi? Wewe si ndiko kwako kule?"

Taratibu akapiga funda. Akasubiri. Akapiga lingine.

"Kuna mahali pa kuoshea magari," akasema. "Maji yake baridi sana."

Mkewe akacheka, akidhani anataniwa. Alipoona mwenzake hacheki, naye akaacha.

"Na ziwa? Si wanasema kuna ziwa?"

"Lipo. Nimelisikia." Akajikuna kidevu. "Ukikata kona ya mwisho, abiria wote wanasema aaah! Wanaegemea kushoto kutazama. Basi zima unalisikia linalalia upande ule. Hapo ndipo nakaza usukani. Ile kona, ukigeuza macho tu, umeua watu."

"Ukishawashusha?"

"Nafagia, nalala kiti cha nyuma. Alfajiri nageuza gari."

"Miaka yote hiyo?"

"Sasa ulidhani nalala wapi?"

Mkewe akaweka suruali chini. "Mimi nilikuwa nakuonea wivu, wewe mwanamume! Nakaa hapa na watoto wenye vipele vya joto, nasema mwenzangu anapunga upepo. Nimekununia miaka nenda miaka rudi, kumbe unalala na matairi! Mbona hukusema?"

"Uliniagiza niwasalimie wenye raha. Niliona haya kukuambia sijawaona."

"Ama kweli kinyozi hajinyoi," mkewe akasema, akajifuta macho kwa suruali ya mteja.

Kesho yake Taratibu akaenda kukata tiketi. Karani alipomwona tu akasimama.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mwanangu. Nataka tiketi mbili, yangu na ya mama."

"Wewe kiti chako kile cha mbele, ubavuni mwa dereva. Heshima yako hiyo. Mama tutamtafutia nafasi huko nyuma."

Moyo wa Taratibu ukaruka kwa furaha. Pale mbele angeiona barabara yote, angesikia kila gia, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeshaanza kukanyaga sakafu. Kisha akamfikiria mkewe, yuko nyuma peke yake na kikapu mapajani. Akijiweka pale mbele, ataendesha kwa macho kwenda na kurudi, na fungate italiwa na basi mara ya pili. Alitamani kile kiti, tusidanganyane. Akameza mate, akapiga moyo konde.

"Ahsante, mwanangu. Nipe viwili vya pamoja, kushoto."

Nyumbani mkewe akazipokea tiketi, akazisoma zote mbili, akarudia tena.

"Kushoto," akasema polepole. "Upande wa ziwa."

"Dirishani utakaa wewe. Nilikuahidi."

"Thubutu! Dirishani unakaa wewe. Mimi nitalionea begani kwako."

Taratibu akataka kubisha, akaacha. Akatazama mikono yake, asijue pa kuiweka.

"Na ile kona je?" akauliza.

"Kona ina dereva wake," mkewe akasema, akarudi kwenye mshono.